Kipande cha papa kilichopanda hadi Itaka

Mvua inayonyesha Itaka haifiki baharini. Inashuka mabondeni, inaingia mitoni, mito inakwenda Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mlango wa kutokea. Maji yanaishia pale pale, jua linayanywa. Sisi tuliozaliwa katika uwanda wa Mbozi, kati ya mibuni na mahindi, hatuichangii Bahari ya Hindi hata tone. Kitoweo chetu cha majini ni samaki wa Rukwa, na dagaa wanaopita Tunduma wakielekea Zambia na Kongo.

Kwa hiyo siku papa alipoingia jikoni kwetu ilikuwa habari. Baba mdogo alikuwa kibarua Dar es Salaam. Alikuja kwa Krismasi na kipande cha papa mkavu, amekiviringisha kwenye gazeti, juu ya gazeti mfuko wa rambo, juu ya rambo nguo zake. Kilomita zaidi ya 900 za basi hazikuificha harufu. Mama akaziba pua kwa upindo wa khanga.

"Shemeji, huyu samaki si ameoza?"

"Hajaoza, shemeji. Ndivyo alivyo."

Baba mdogo alikuwa sahihi, ingawa sababu nilikuja kuijua ukubwani. Papa huhifadhi urea mwilini ili chumvi ya bahari isimnyonye maji. Akifa, urea ile hugeuka kuwa amonia, ndiyo harufu inayochoma pua, na ndiyo sababu watu wa pwani humtia chumvi na kumwanika upesi. Mama alikiroweka usiku kucha, akamwaga maji, akakichemsha, akamwaga tena, kisha akakichambua uzi kwa uzi na kukikaanga kwa kitunguu na nyanya. Bila nazi, maana Itaka nazi ni ya kuagiza. Tulikila kwa ugali wa mahindi yetu, na watoto tukagombea ukoko wa sufuria.

Kipande kile kilikuwa nyama ya ubavuni tu, pezi hamna. Hatukuuliza liko wapi. Tungeulizaje, wakati hatukujua hata papa ana mapezi mangapi? Nyama yake ilipanda basi kuja milimani. Mapezi yake yalishuka bandarini, yakavuka bahari kwenda mashariki, kwa watu ambao jina Itaka hawatalisikia maishani. Papa mmoja, njia mbili. Ile njia ya pili ndiyo iliyonisumbua nilipokuwa mtu mzima, na ndiyo ninayotaka tuifuate leo.

Pezi la papa halina nyama ya kutafuna. Likishakaushwa, likachemshwa na kuchunwa ngozi, ndani mna nyuzi laini zinazong'aa, mfano wa tambi. Nyuzi hizo ndizo zinazotiwa kwenye supu ya Kichina inayoandaliwa harusini na kwenye karamu za kuheshimiana. Zenyewe hazina ladha. Ladha ya supu hutoka kwa kuku na nyama nyingine iliyotokota saa nyingi. Kazi ya pezi ni kuteleza mdomoni na kumwonyesha mgeni kwamba mwenyeji wake ana uwezo. Kwa karne nyingi ilikuwa supu ya wakuu na matajiri. Uchumi wa China ulipofunguka, kuanzia miaka ya 1980, mamilioni ya familia zikaweza kuinunua, na hapo bahari zote za dunia zikaanza kusakwa. Soko kuu ni Hong Kong. Katika mtaa wa Sheung Wan maduka ya vyakula vikavu vya baharini yamepangana, mapezi yamo kwenye mitungi ya kioo kama dawa za miti shamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliotumia takwimu za minada ya huko, ulikadiria kwamba mapezi yaliyouzwa duniani kila mwaka yalitoka kwa papa kati ya milioni 26 na milioni 73.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi anaielewa biashara hii kuliko anavyodhani. Nimekua nikiona magunia ya kahawa safi yakipimwa, huku nyumbani tunakunywa chai. Bei inatoka kwa watu tusiowaona, na ikishuka hakuna wa kumuuliza. Kagera wana neno lao, butura, na Mbinga wana neno lao, magoma: kuiuza kahawa ingali mtini kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Mvuvi wa papa naye ana tajiri wake, anayemkopesha nyavu, mashine ya boti na mafuta ya safari, kisha mzigo ukifika ufukweni deni linakatwa kwanza. Mvuvi huyo hajawahi kuonja supu ya pezi. Bibi yangu alichuma kahawa maisha yake yote na sidhani kama aliwahi kunywa kikombe kimoja.

Lakini kufanana kwao kunakoma hapo. Mbuni ukizeeka tunaukata shina. Baada ya miezi michache unatoa machipukizi, tunaacha mawili matatu, na mwaka wa tatu tunavuna tena. Papa hachipui hivyo. Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, humhesabu papa kuwa ni samaki kama nguru au changu. Nguru jike hutaga mayai kwa malaki. Papa nyundo, ambaye baadhi ya wavuvi humwita mbingusi, huchukua miaka kumi na zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, hubeba mimba karibu mwaka mzima, na huzaa watoto wa kuhesabika, walio hai, wanaoogelea siku ileile. Potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa anayeonekana Mafia, anakadiriwa kuhitaji zaidi ya miaka 20 ili akomae. Kwa uzazi, papa ni jirani wa ng'ombe na tembo. Dagaa ni mbali naye kabisa.

Nimemtaja tembo kwa makusudi. Nchi hii inajua kilichotokea pembe zilipopanda bei: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo wapatao 109,000, na ya mwaka 2014 ikahesabu 43,000 hivi. Tuliona mizoga kwenye televisheni, tukakasirika, na serikali ikachukua hatua kali. Papa hana mzoga wa kuonyeshwa. Anakufa chini ya maji, na mwili wake ukifika nchi kavu unanukia chakula. Nani atakasirika kwa kuona kitoweo?

Nilifika diko la Malindi, Unguja, alfajiri moja ya msimu wa kaskazi. Boti zilikuwa zimetua, sakafu ya saruji imelowa, dalali anapaza sauti, wachuuzi wa baiskeli wameshika matenga yao. Papa watano walilazwa kwa tumbo. Kabla ya mnada kijana mmoja alipita na kisu kifupi. Alianza na pezi la mgongoni, akalikata kwa mkato wa mwezi mchanga ili asipoteze hata uzi mmoja. Akageukia mawili ya ubavuni. Mwisho akakata ncha ya chini ya mkia. Kila papa ilimchukua muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa. Mapezi aliyatia ndoo ya peke yake, ndoo ikaenda pembeni kwa mtu aliyekuwa amekaa kimya na mizani ndogo. Ndipo miili ikanadiwa, kwa kelele na utani, kama samaki wengine wote. Mapezi hayakunadiwa. Bei yake ilishakubaliwa tangu boti ilipokopeshwa mafuta.

Pembeni kulikuwa na mafungu. Katika fungu moja niliona vichwa vidogo vya nyundo, zaidi ya kumi. Nikachuchumaa, nikampima mmoja kwa mkono wangu, kipimo kile cha wazee cha kupimia kitambaa: kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kiwiko. Mkono mmoja kamili. Ndivyo anavyokuwa papa nyundo akizaliwa. Jike hukaribia pwani kuzaa kwenye ghuba na maji ya kina kifupi, ambako watoto wanajificha dhidi ya papa wakubwa, na huko huko ndiko nyavu ziliko. Mapezi ya wale watoto yalikuwa madogo mno, hakuna aliyeyataka. Walikuwa wanauzwa wazima, kwa fungu, kwa mchuzi wa siku hiyo.

Hakuna papa aliyetupwa Malindi asubuhi ile, na hapa nataka kusema jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Dunia ilipoanza kupiga kelele juu ya mapezi, picha iliyosambaa ni ya mabaharia wa meli kubwa wanaomkata papa mapezi akiwa hai na kumrudisha majini. Asiye na mapezi haogelei, na papa wengi wasipoogelea hawapumui. Huzama taratibu hadi chini na kufa. Ni ukatili ambao hauna utetezi. Meli hufanya hivyo kwa sababu mapezi ni takriban asilimia 5 tu ya uzito wa papa, na stoo ya barafu inawekewa jodari mwenye bei. Januari 2018, katika doria iliyoitwa Operesheni Jodari ambayo Tanzania iliifanya kwa msaada wa meli ya shirika la Sea Shepherd, meli ya Buah Naga Na. 1 yenye bendera ya Malaysia ilikutwa na mapezi yaliyotengwa na miili, na shauri likapelekwa mahakamani Mtwara. Watanzania wengi wanaikumbuka zaidi Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 na shehena ya jodari walioitwa "samaki wa Magufuli." Meli kama hizo ni rahisi kuzichukia. Ni za wageni, ziko mbali, na zinatuibia.

Mvuvi wa Malindi ni ndugu yetu. Anakula nyama, anauza nyama, ini anakamua mafuta. Tangu zama za majahazi mafuta hayo, sifa kwa jina la mabaharia, yalipakwa mbao za vyombo ili zidumu. Papa mkavu amekuwa chakula cha pwani hii kwa karne nyingi. Majahazi ya Kiarabu yalikuja na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na papa wa Hadhramaut na Oman, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Mtu hawezi kumwambia mzee wa Kimvita au wa Makunduchi kwamba papa wa nazi ni dhambi iliyoletwa na Wachina. Lakini kwa kuwa hatutupi mwili, tumejihesabia haki. Kilichobadilika ni hiki: zamani mvuvi alimtega papa kwa njaa ya mji wake, na njaa ya mji ina kikomo. Pezi lilipopata bei ya Hong Kong, nyavu zikaanza kutegwa kwa hesabu nyingine, na hesabu hiyo haishibi.

Ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha vifo vya papa duniani kati ya mwaka 2012 na 2019. Katika miaka hiyo sheria za kupiga marufuku ukataji wa mapezi baharini ziliongezeka karibu mara kumi, ilhali vifo vilipanda kutoka takriban milioni 76 hadi milioni 80 kwa mwaka. Sheria zilidai papa aletwe ufukweni akiwa na mapezi yake, na wavuvi wakatii: wakamleta mzima. Soko la nyama nalo likakua. Papa aliyeletwa mzima amekufa sawasawa na aliyetupwa. Mwaka 2021 watafiti wengine walionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Papa upanga, ambaye kwa ukoo ni taa mwenye msumeno puani, ametoweka kabisa katika nchi nyingi alimokuwa akiishi.

Wapo watakaouliza kama bahari itajuta kukosa meno. Huko Shark Bay, Australia, watafiti waliofuatilia kwa miaka mingi waliona kwamba papa chui anapozunguka, nguva na kasa hawathubutu kulisha mahali pamoja muda mrefu. Wanahama, na majani ya bahari yanapata nafasi ya kuota. Katika majani hayo ndimo wanamokulia changu na pono tunaowala. Kati ya Rufiji na Kilwa bado kuna nguva wachache na mashamba mapana ya majani ya bahari. Siwezi kudai kwamba kila bahari ina hesabu ileile kama ya Shark Bay. Najua tu kwamba papa wamekuwepo kwa zaidi ya miaka milioni 400, kabla miti ya kwanza haijaota nchi kavu, na kila kiumbe wa baharini tunayemjua amekua akiwa na papa mgongoni mwake.

Tanga kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa nchi hii angepaswa kufundishwa. Wavuvi wa papa hutega jarife, wavu wenye matundu makubwa, unaolazwa usiku kucha. Kuanzia mwaka 2003 majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu, kwanza upande wa Kilwa kisha kwa wingi Tanga, yalianza kupandisha samaki mnene wa rangi ya buluu, mwenye mapezi yanayofanana na miguu. Alikuwa silikanti. Wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Majarife ya Tanga hayakumtafuta. Silikanti hana bei, nyama yake ni ya mafuta na hailiki. Alikuwa amelala kwenye mapango yake tu, wavu wa papa ukapita. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Nikifikiri kwamba samaki aliyepona yaliyowaua dinosaria alikuja kunaswa kwenye wavu uliotegwa kwa ajili ya nyuzi za supu, naishiwa maneno.

Kuna mambo yaliyobadilika kuwa mema, na si haki kuyaficha. Mwaka 2012 serikali ya China ilitangaza kuiondoa supu ya mapezi kwenye karamu zake rasmi, na mchezaji wa mpira wa kikapu Yao Ming alikuwa ameshazunguka miaka kadhaa akiwaambia wananchi wake waache kuinunua. Ulaji China bara ukapungua. Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia biashara ya mapezi mwishoni mwa mwaka 2022, Uingereza ikafuata mwaka 2023. Tusidhani pia kwamba wauzaji wote ni maskini wa kusini: Hispania imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mapezi kwa Hong Kong kwa miaka mingi.

Kubwa kuliko yote ni CITES, mkataba uleule uliofunga biashara ya pembe za ndovu mwaka 1989. Papa nyundo wakubwa waliingizwa kwenye orodha yake mwaka 2013. Novemba 2022, mjini Panama, ikaingizwa familia nzima ambayo ndani yake mna sehemu kubwa ya papa wa pwani yetu. Kwa uamuzi huo zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya mapezi ikawekwa chini ya masharti. Sharti lenyewe ni rahisi kulieleza: hutoi kibali cha kuuza nje mpaka uthibitishe kwamba uvunaji hauwamalizi waliobaki. Utathibitishaje? Kwa miaka mingi daftari za takwimu za uvuvi ziliwaandika wote kwa neno moja, papa, au papa na taa, bila kutaja ni papa gani. Asiyejua ana ng'ombe wangapi hawezi kusema auze wangapi. Ningekuwa na uwezo ningeanzia pale dikoni: karani mwenye rula na kitabu cha picha, anayeandika jina, urefu na jinsia ya kila papa kabla yule kijana hajapita na kisu. Kisha ningefunga zile ghuba za kuzalia, kwa miezi ya kuzalia tu, na kuwalipa wavuvi wa hapo siku wanazokosa. Hawa ni watu wenye madeni. Kuwaambia waache bila kuwapa kitu ni kama kumwambia mkulima wa Mbozi asiuze magoma huku mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Mafia wana bahati yao. Potwe hukusanyika mbele ya Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari, kufuata dagaa na viumbe wadogo wa majini. Wageni hulipa kuogelea karibu naye. Watafiti humtambua kila mmoja kwa mpangilio wa madoa yake, kama sisi tunavyowatambua ng'ombe wetu kwa mabaka. Akiingia kwenye nyavu za dagaa, wavuvi humfungulia njia. Lakini papa nyundo na papa wa kawaida hawana mgeni wa kuwalipia. Hakuna atakayepanda ndege kuja kumtazama mtoto wa mbingusi kwenye tope la Rufiji.

Mwaka jana mimi mwenyewe nilirudi Itaka na kipande cha papa, nimekinunua kwa mchuuzi Dar es Salaam, kimeviringishwa kwenye gazeti kama alivyofanya baba mdogo, ambaye sasa ni marehemu. Kilikuwa chembamba kuliko kile cha utotoni. Mama amezeeka, macho yake hayaoni vizuri, lakini pua yake ilikitambua kabla sijafungua mfuko. Alikiroweka. Kesho yake, wakati anakichambua, akaniuliza samaki huyu akiwa mzima anakuwa mkubwa kiasi gani, maana miaka yote hiyo amempika vipande vipande tu.

Nikamweleza juu ya wale wakubwa, wanaozidi urefu wa kitanda chake. Kisha nikamwambia niliowaona Malindi, nikanyoosha mkono na kumwonyesha: kutoka hapa, ncha ya kidole, hadi hapa, kwenye kiwiko.

"Huyo si bado ananyonya?" akasema.

Nikamwambia papa hanyonyeshi. Akazigeuza nyuzi kiganjani, akazitazama kwa muda, kisha akaomba nimsogezee nyanya.